Bingwa wa Zamani Akirudi Uwanjani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lindi)



Kamati imenitaka nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya jambo lililoandikwa katika ajenda kwa maneno machache: "Mbio za Maveterani, ziendelee au zifutwe." Nitajitahidi nisivuke muda huo, maana najua pilau iko jikoni, na mimi sijapata kumwona msemaji aliyeshindana na harufu ya pilau akashinda.

Jambo lenyewe mnalijua. Katika kila mkutano wetu watu wenye miaka 40 na zaidi hukimbia mita 1500 katika uwanja wa shule. Mwaka jana mwenzetu mmoja, aliyekuwa bingwa wetu wa mita 800 siku zile, alitoka mstarini kama kijana wa miaka 18. Mzunguko wa kwanza aliwaacha wenzake mbali, na wanafunzi wakamshangilia sana. Mzunguko wa pili alishika paja, akaanguka, akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali. Tunamshukuru Mungu kwamba amepona na leo tunaye. Lakini tangu siku ile Kamati imepokea barua za aina mbili. Wako wanaosema mbio hizi zifutwe kabla hazijaua mtu. Na wako wanaosema, akiwamo majeruhi mwenyewe, kwamba zikifutwa wao hawana la kufuata mkutanoni. Leo tutapiga kura. Mimi nasimama upande wa kuziendeleza, lakini si kama zilivyo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kwamba mbio za wakongwe si mchezo wa kuigiza uliobuniwa na Kamati yetu. Ni sehemu ya riadha yenye sheria zake. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wakongwe yalifanyika Toronto, Kanada, mwaka 1975. Mwaka 1977 kikaundwa chama cha dunia cha wanariadha wakongwe, na chama hicho kingali kipo hadi leo, ingawa jina lake lilibadilishwa baadaye. Mtu huanza kuhesabiwa mkongwe akifika miaka 35. Kutoka hapo watu hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano: 35 hadi 39, 40 hadi 44, na kuendelea, mpaka wale waliopita miaka 90, na wako hata waliofika 100. Huhitaji kuwa bingwa ili kuingia. Hata tufe na mkuki hupunguzwa uzito kadiri umri unavyopanda.

Haya yasitushangaze sisi watu wa kusini. Wazee wetu walijua maana ya rika muda mrefu kabla ya Toronto. Walioingia jando pamoja walipimana wao kwa wao, katika kulima, katika ngoma, katika kuvuta jarife. Hakuna mzee aliyekwenda kupimana nguvu na vijana wa jando la juzi, na aliyefanya hivyo alichekwa. Sisi hapa tunawapanga mstari mmoja mtu wa miaka 41 na mtu wa miaka 68, halafu tunashangaa kwamba wa 68 ameumia.

Sasa nataka niwarudishe nyuma kidogo. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, kijana wetu Filbert Bayi alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Alikuwa na miaka 20. Aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka utepe. John Walker wa New Zealand akawa wa pili, na Ben Jipcho wa Kenya wa tatu. Wengi wetu tulikuwa shuleni wakati ule, na baada ya habari zile kila mtu alitaka kukimbia kama Bayi, yaani kuongoza tangu mwanzo. Wengi walikwisha pumzi kabla ya barabara ya Mitwero kwisha, lakini ari ilikuwapo.

Ila katika michezo ile ile ya Christchurch lilitokea jambo jingine ambalo hatukuliona, kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwa Bayi. Katika marathoni medali ya fedha ilichukuliwa na mwenyeji mmoja, Jack Foster, kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 19. Foster alikuwa na miaka 41. Huyu hakuwa bingwa aliyerudi. Alikuwa mwendesha baiskeli aliyeanza kukimbia akiwa na miaka zaidi ya 30, mtu wa kazi na familia. Hebu tazameni: michezo ile ile, nchi ile ile, kijana wa miaka 20 anavunja rekodi ya dunia, na mtu anayeweza kuwa baba yake anapanda jukwaani kuchukua fedha. Tulijifunza somo moja, na somo la pili tukaliacha huko huko.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, Bayi alikwenda Kingston, Jamaika, akavunja rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Katika mbio hizo mtu wa tatu alikuwa kijana wa Ireland anayeitwa Eamonn Coghlan. Likumbukeni jina hilo. Bayi aliendelea, akapata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5000. Hatimaye Bayi akatundika viatu. Coghlan naye akastaafu. Lakini alipokaribia miaka 40 akaanza kujiuliza kama mtu wa umri huo anaweza kukimbia maili chini ya dakika 4. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Mwaka 1993 alijaribu, akashindwa. Hakukasirika wala hakutafuta kisingizio. Alirudi kwenye mazoezi mwaka mzima mwingine. Tarehe 20 Februari 1994, katika uwanja wa ndani wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 58.15. Alikuwa na miaka 41, na ilikuwa imepita miaka karibu 19 tangu Kingston.

Ndugu Mwenyekiti, najua mtu atasema: hao ni Wazungu, wana viwanja vya ndani na waganga wa misuli. Basi tuje kwa jirani yetu, tena kwa mtu ambaye habari zake zinatuhusu zaidi kuliko za Coghlan, kwa sababu yeye alirudi kutoka mahali pabaya zaidi.

Henry Rono alikuwa Mnandi wa Kenya, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Mwaka 1978 alifanya jambo ambalo halijarudiwa na mtu. Tarehe 8 Aprili alivunja rekodi ya dunia ya mita 5000. Tarehe 13 Mei akavunja ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 11 Juni akavunja ya mita 10,000. Tarehe 27 Juni akavunja ya mita 3000. Rekodi 4 za dunia katika miezi isiyofika mitatu. Mwaka huo huo alishinda mbio mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, na mbili nyingine katika Michezo ya Afrika, Algiers. Hata hivyo hakupata kukimbia Olimpiki hata mara moja, kwa sababu mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Montreal, na mwaka 1980 Kenya ilisusia Moscow.

Mtu huyu pombe ilimshika. Fedha zilikwisha, mwili ukanenepa, jina likabaki katika vitabu vya rekodi peke yake. Ulifika wakati bingwa wa dunia wa rekodi 4 akalala katika nyumba za kuhifadhi watu wasio na makazi, na akafanya kazi za kubeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege. Wangapi kati yetu hapa, bila kuwa na rekodi yoyote, tunamjua mwenzetu aliyepita njia hiyo?

Lakini Rono alirudi. Aliacha pombe, akaanza kufundisha wakimbiaji huko Albuquerque, na akaanza kukimbia mwenyewe. Alipofika miaka 55, mwaka 2007, alitangaza kwamba atatafuta rekodi ya dunia ya maili kwa watu wa miaka 55 hadi 59. Mwaka huo pia alitoa kitabu cha maisha yake. Rekodi hiyo hakuipata. Mwaka 2019 akarudi nyumbani Kenya, na Februari 2024 akafariki akiwa na miaka 72.

Mimi nimeifikiri sana habari hii. Ukimpima Rono kwa saa ya mkononi, alishindwa: alitafuta rekodi, hakuipata. Lakini mtu aliyeamka alfajiri kukimbia akiwa na miaka 55, baada ya yote yaliyompata, alipata kitu ambacho saa haikipimi. Rekodi ilikuwa ndoana tu. Samaki alikuwa ni uhai wake. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akimcheka mzee kwamba "anatafuta ujana", mimi humwuliza: je, ulitaka atafute nini, chupa?

Na hapa ndipo hoja ya wale wanaotaka kufuta mbio inaponipa taabu. Wanasema mbio zitaua mtu. Ni kweli kwamba mbio zaweza kumwua mtu asiyejipima, na nitakuja kwenye hilo. Lakini tazameni orodha ya marehemu iliyosomwa asubuhi hii wakati wa dua. Katika miaka hii michache tumewazika wenzetu kwa kiharusi, kwa kisukari na kwa presha. Hakuna hata mmoja aliyefia uwanjani. Wamefia barazani, kwenye kiti, mbele ya bao na kahawa, na wengine walikuwa wakimbiaji wetu hodari kabisa. Bingwa wa zamani yu katika hatari kuliko mtu mwingine, kwa sababu alizoea kula chakula cha mkimbiaji, na siku alipoacha kukimbia hakuacha kula.

Sasa tuseme ukweli juu ya mwili, maana wanaotaka mbio ziendelee nao wana kosa lao. Umri huchukua vitu, na si haki kudanganyana. Uwezo wa mwili wa kutumia hewa ya oksijeni hupungua. Wataalamu wanakadiria kwamba mtu asiyefanya mazoezi hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya uwezo huo kwa kila miaka 10 baada ya kupita miaka 30 hivi, na anayeendelea na mazoezi makali hupoteza karibu nusu ya hapo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka pia. Kwa kipimo cha kukisia, toa umri wako katika 220: kijana wa miaka 20 anapata 200, na mzee wa miaka 65 anapata 155. Misuli hupungua, na ya kwanza kupungua ni ile ya kasi. Ndiyo sababu mzee hupoteza mita 100 mapema kuliko marathoni.

Tena liko jambo moja ambalo bingwa wa zamani ndiye huumizwa nalo. Pumzi hurudi kwa wiki, lakini kano hurudi kwa miezi. Mtu akianza mazoezi, baada ya wiki sita hivi anajisikia mwepesi, mapafu yako sawa, moyo wake unamwambia aende. Lakini kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya paja bado ni ya mtu wa barazani. Mtu ambaye hakuwahi kukimbia hana taabu, kwa sababu hajui kwenda kasi. Bingwa anajua. Miguu yake inakumbuka mwendo wa mwaka 1974, na kichwa chake kinaiamuru iende mwendo huo. Hapo ndipo paja linapokatika. Mwenzetu wa mwaka jana hakuangushwa na uzee. Aliangushwa na kumbukumbu.

Wahenga wa pwani wanatuambia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Mimi nawaambia mabingwa wetu: msisafirie nyota ya ujana wenu. Kijana yule wa miaka 18 ni mtu mwingine. Mheshimuni, mwekeni picha yake ukutani, lakini asiwaongoze njia.

Tazameni walio bora kabisa wanavyofanya. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishika rekodi za dunia za mita 5000 na 10,000 kwa miaka mingi. Mwaka 2019 alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 41. Mwaka 2024, akiwa na miaka 41, alikuwa wa pili London kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15, na hakuna mtu wa miaka zaidi ya 40 aliyekuwa amekwenda kasi hiyo kabla yake. Angalieni vizuri: alikuwa amepungua kwa dakika 2 na nusu kutoka ubora wake, na bado alistahili kushangiliwa. Kupungua na kushinda vinaweza kukaa nyumba moja.

Na kama Bekele ni mbali nasi, mtazameni mzee Ed Whitlock. Alizaliwa Uingereza mwaka 1931, akakimbia ujanani, akaacha, akahamia Kanada kufanya kazi ya uinjinia, akaanza tena alipokuwa mtu mzima wa miaka 40 na kitu. Hakuwa na kocha wala vifaa vya ajabu. Alikimbia polepole kuzunguka makaburi yaliyo karibu na nyumba yake, saa nyingi, siku kwa siku. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, aliimaliza chini ya saa 4. Alifariki mwaka uliofuata. Nadhani aliyekimbia makaburini kila siku alikuwa hana haja ya kukumbushwa mwisho wa safari, na hilo halikumzuia kwenda.

Ndugu zangu, pwani yetu hii si maskini wa mahali pa kukimbilia. Maji yakipwa, ufuko hubaki mgumu na tambarare kuliko viwanja vingi. Kutoka Lindi mjini mpaka Mchinga, kutoka Kilwa Masoko mpaka Kivinje, alfajiri ni ya bure. Tulichokosa ni desturi. Mikoa ya kaskazini na ya kati imetutangulia katika riadha, na Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia katika marathoni ya Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, alitoka Singida, si Kilwa. Zamani tulikuwa na kisingizio: barabara mbovu, kivuko cha Ndundu, timu ya shule kulala kando ya Rufiji kungoja kuvuka. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 kisingizio hicho kimezama mtoni. Watoto hawa walioketi nyuma wakiwaona wazee wao wakikimbia kwa busara mwaka baada ya mwaka, watajua kwamba riadha ni kazi ya maisha yote. Wakituona tukianguka na kubebwa, watajua ni wazimu wa siku moja. Wakituona hatukimbii kabisa, watajua ni jambo la kuachwa mtu akipata kazi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta pendekezo lenye masharti sita, na naomba lipigiwe kura kama lilivyo.

Kwanza, washindani wagawanywe kwa marika ya miaka mitano mitano kama inavyofanywa duniani. Wakiwa wachache wakimbie pamoja, lakini kila rika litangaziwe mshindi wake.

Pili, mtu asisimame mstarini kama hakujiandikisha miezi mitatu kabla na kufanya mazoezi. Wiki nne za kwanza ni kutembea kwa haraka na kukimbia polepole kwa zamu. Hakuna kasi mpaka mwezi wa pili umalizike. Mwenye mashaka na sharti hili amwulize mwenzetu wa mwaka jana, ambaye ameniruhusu niseme kwamba alifanya mazoezi siku nne.

Tatu, kila mshindani apimwe presha na sukari, na aonane na daktari au tabibu kabla ya kuanza mazoezi, si asubuhi ya mashindano. Anayeumwa kifua, anayesikia kizunguzungu au pumzi kukatika pasipo sababu, asikimbie mpaka aruhusiwe. Mwuguzi awepo uwanjani, na gari liwe tayari.

Nne, mbio zianze saa 12 na nusu asubuhi. Mwaka jana tulianza saa 5, baada ya hotuba, katika joto la pwani hii. Hotuba ndizo zingoje jua, maana hazina misuli ya kukatika.

Tano, matokeo yahesabiwe kwa asilimia ya umri. Chama cha dunia kina majedwali yanayoonyesha muda bora wa kila umri. Unachukua muda bora wa umri wako, unaugawa kwa muda wako. Kwa mfano, kama muda bora ni dakika 5, nawe umekimbia dakika 6 na sekunde 40, umepata asilimia 75. Kwa hesabu hii mzee wa miaka 70 anaweza kumshinda mtu wa miaka 45 kwa haki kabisa, na hana haja ya kumkimbiza. Walimu wa hesabu waliopo hapa watatusaidia.

Sita, kila bingwa wa zamani anayekimbia awafundishe wanafunzi angalau siku tatu kabla ya mkutano. Kuna namna nyingi za kurudi uwanjani. Bayi hakurudi kutafuta rekodi. Alijenga shule, akatumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kama Katibu Mkuu kwa miaka mingi. Nyambui aligeuka kocha na kiongozi wa riadha. Huko nako ni kurudi, na pengine ni mbio ndefu zaidi.

Najua wako watakaosema masharti haya ni mengi na yanaondoa raha. Mimi nawajibu kwamba raha ya mwaka jana ilidumu mzunguko mmoja. Wengine watasema yanawadhalilisha mabingwa kuwataka wajiandikishe kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Nawajibu kwamba Coghlan, aliyewahi kusimama mstari mmoja na mshika rekodi ya dunia, alijifunza upya kwa zaidi ya mwaka ili apate kukimbia dakika 4 tu. Sisi ni nani?

Na kwa mwenzetu wa mita 800 nasema haya mbele ya wote, kwa kuwa ni rafiki yangu tangu bwenini. Mzee mwenzangu, tunataka tukuone mstarini mwakani. Tunataka uwe wa mwisho mzunguko wa kwanza, wa mwisho mzunguko wa pili, halafu umalize. Watoto hawa hawakukuona mwaka 1974, na hawana haja ya kukuona wa mwaka ule. Huyu wa leo, mwenye mvi, anayejua mwendo wake, ndiye wanayeweza kujifunza kwake, kwa sababu yule wa zamani tulimwona sisi na hatukujifunza kitu isipokuwa kupiga makofi.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo liko mezani. Naomba kura ipigwe kwa kunyoosha mkono, na asiyeweza kuunyoosha mkono mpaka juu ajue kwamba mazoezi yake yanaanza kesho alfajiri.